Kwa nini kompyuta inasahau umeme ukikatika?

Leo naomba mnivumilie. Siandiki bei ya pamba wala vikao vya madiwani. Naandika juu ya kusahau, tena kusahau kwa mashine, jambo ambalo sisi wakazi wa Bariadi tunalijua vizuri kuliko wataalamu wengi wa Ulaya kwa sababu moja tu: umeme wetu una tabia ya kuondoka bila kuaga.

Nianze na mashine ambayo haisahau. Tazama mita ya LUKU hapo ukutani kwako. Umeme ukikatika saa mbili usiku ukiwa na yuniti 14, ukirudi alfajiri unazikuta zilezile 14. Hakuna aliyekuja kuziandika upya. Mita inakumbuka uniti, inakumbuka namba ulizokwisha kuingiza (jaribu kuingiza tokeni ya zamani uone kama itakubali), na mwaka 2024 nchi nzima tuligundua kwamba inakumbuka hata zaidi ya hapo. Mnakumbuka zile namba za ziada tulizoambiwa tuingize kabla ya Novemba 24, 2024? Watu mtaani walisema ni ujanja wa kutuongezea makato. Sivyo. Kila tokeni hubeba hesabu ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993, na hesabu hiyo ilipewa nafasi ya biti 24 tu, yaani dakika 16,777,216. Ukigawanya unapata miaka karibu 32, ambayo inaishia Novemba 24, 2024. Ilibidi mita zote za mfumo huo duniani, si za Tanzania peke yake, zipewe ufunguo mpya na zifutiwe kumbukumbu ya tokeni za zamani ili zianze kuhesabu upya. Kwa maneno mengine, ilibidi mashine isiyosahau ilazimishwe kusahau.

Sasa geuka upande wa pili wa chumba, kwenye kompyuta. Hapo mambo ni kinyume.

Kuna kijana mmoja hapa mjini ana studio ya video. Jina lake silitaji, hajaniomba nimtangaze. Anapiga picha za harusi, za mahafali, na msimu wa mavuno ukiisha anazunguka na kamera kwenye mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, halafu anakaa wiki nzima akihariri. Kompyuta yake ina kadi ya grafiki aina ya RTX 3060, ambayo kiwandani imepangiwa kula hadi wati 170 ikiwa kazini. Umeme wa gridi ukiwepo hakuna tatizo. Ukikatika, studio nzima inahamia kwenye inveta na betri: kompyuta, skrini mbili, feni, taa na chaja za kamera. Inveta yenyewe si kubwa. Kadi ikianza kutafuna wati zake zote 170, inveta inapiga kelele na kujizima, na kazi ya saa nne inapotea.

Kijana huyu si mjinga. Aliingia kwenye programu ya kurekebisha kadi, akavuta kitelezi cha nguvu kutoka asilimia 100 hadi 70, yaani kama wati 119. Inveta ikatulia. Kazi ikachelewa kidogo lakini ikaisha. Siku ya pili umeme ukakatika tena, kompyuta ikazimika na kuwashwa upya, akaendelea kuhariri kwa amani. Dakika ishirini baadaye inveta ikalia. Kadi ilikuwa imerudi kwenye wati 170 kama vile hakuna aliyewahi kuigusa.

"Mwandishi," akaniambia, "hii mashine ina wazimu? Kila nikiwasha naipangia, kila ikizima inasahau. LUKU ya elfu kumi inakumbuka, kadi ya laki kadhaa haikumbuki!"

Swali zuri hilo, na nimelitafutia jibu kwa wiki kadhaa. Jibu fupi ni kwamba haisahau kwa udhaifu. Imefundishwa kusahau. Jibu refu ndilo historia yenyewe, nayo inaanzia mbali kidogo, hivyo kaa vizuri.

Kompyuta za zamani hazikuwa na tatizo hili. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha mjini Dar es Salaam ilifungiwa kompyuta ya kwanza ya nchi yetu, kutoka kampuni ya ICT ya Uingereza. Kompyuta za kizazi kile zilihifadhi kumbukumbu kwenye vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya nyembamba kama shanga. Kila kipete kilibeba biti moja: sumaku ikielekea huku ni sifuri, ikielekea kule ni moja. Ukizima umeme, sumaku inabaki ilivyo. Wanawake viwandani walivitunga kwa mkono wakitumia darubini, na nikiwaza shanga za bibi zetu wa Kisukuma sioni ajabu kwamba kazi ile walipewa watu wenye subira. Ubunifu wenyewe ulikamilika Marekani miaka ya mwanzo ya 1950. Jay Forrester wa MIT na An Wang ni kati ya majina yanayotajwa, na mwaka 1953 kompyuta ya Whirlwind ya MIT ilikuwa inautumia.

Nchini kwetu hadithi ilikatika hapo kwa muda. Jaribio la kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikwenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Wapo wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mafundi walihesabika kwa vidole, na mashine zenyewe zilikuwa zimekwisha kula fedha nyingi kuliko kazi zilizofanya. Lakini matokeo yake ni kwamba wakati dunia inabadilisha aina ya kumbukumbu, sisi hatukuwepo uwanjani. Tulipofunguliwa mlango taratibu miaka ya 1980 na 1990 tulikuta mashine za aina nyingine kabisa.

Kilichobadilika ni hiki. Oktoba 1970 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024. Ilikuwa ndogo, na bei yake iliweza kushindana na vipete vya sumaku hadi ikavishinda. Ilikuwa na kasoro moja: inasahau. Siyo tu umeme ukikatika, hata umeme ukiwepo! Kila biti ni chaji kidogo ya umeme inayovuja kama ndoo iliyotoboka, kwa hiyo mashine hulazimika kuijaza tena na tena, kila baada ya milisekunde 2 kwa chipu ile. Kumbukumbu za kompyuta unazonunua leo ni wajukuu wa chipu hiyo. Ulimwengu uliamua kwamba kumbukumbu ya bei nafuu inayosahau ni bora kuliko ya ghali isiyosahau, na kuanzia hapo kila kitu ambacho kompyuta ilitakiwa kukikumbuka baada ya kuzimwa kilipaswa kutafutiwa mahali pengine pa kulala.

Mahali pa kwanza palikuwa swichi. Kompyuta binafsi ya IBM ilipotoka Agosti 1981 ilikuwa na safu za swichi ndogo kwenye ubao mama, ndogo kiasi kwamba unazisukuma kwa ncha ya kalamu. Kupitia hizo unaiambia mashine ina kumbukumbu kiasi gani na ina diski ngapi. Na sikiliza hili, ndugu yangu unayehangaika na kadi ya grafiki: swichi mbili kati ya hizo zilikuwa za kusema ni kadi gani ya picha imechomekwa, ya rangi au ya rangi moja. Kwa hiyo mpangilio wa kadi ya picha ulidumu milele! Umeme ukatike mara mia, swichi iko palepale ulipoiacha. Kubadilisha ndiyo ilikuwa kazi, maana ilibidi ufungue boksi.

IBM hawakuipenda kazi hiyo ya bisibisi. Agosti 1984 walitoa kompyuta iliyoitwa AT, na ndani yake wakaweka chipu ya Motorola, MC146818, yenye saa na kumbukumbu ya baiti 64. Hizo 64 zote kwa pamoja hazitoshi hata sentensi hii ninayoandika. Kumi na nne zilikuwa za saa na mambo yake, hamsini zilizobaki zikawa za mipangilio. Chipu hiyo ilikula umeme kidogo mno, kiasi kwamba betri ndogo iliweza kuilisha kwa miaka mashine ikiwa imezimwa. Leo betri hiyo ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3.

Hapa naomba nitoke nje ya barabara kidogo. Nani hajawahi kukaa mbele ya kompyuta ya ofisi mkoani ambayo kila asubuhi inasema tarehe ni ya miaka ishirini iliyopita, kisha inakuomba ubonyeze F1 ili iendelee? Kuna ofisi moja niliwahi kutumia kompyuta yake kutuma habari, na kila siku ilibidi kwanza nirekebishe tarehe, kwa sababu tovuti zilikuwa zinakataa kufunguka. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta iliyodhani tuko mwaka mwingine, cheti hicho kilikuwa bado hakijazaliwa. Mhudumu alikuwa anasema kompyuta ina virusi. Haikuwa na virusi. Ilikuwa na betri iliyokufa, betri ambayo bei yake haizidi sahani ya chipsi. Nimeona mashine zimetupwa stoo kwa kosa hilo. Haya, turudi barabarani.

Mahali pa tatu pa kulala ni kumbukumbu ya flashi. Iligunduliwa na Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, aliyeitangaza mwaka 1984, mwaka uleule wa AT. Jina lilitoka kwa mwenzake kazini aliyeona jinsi data inavyofutwa yote kwa mpigo mmoja akakumbuka mwanga wa kamera. Flashi ndiyo iliyomo kwenye simu yako, kwenye kadi ya kamera ya yule kijana wa studio, na kwenye chipu inayobeba programu ya kwanza kabisa ambayo kompyuta huisoma inapoamka. Haihitaji betri. Inakumbuka.

Kwa nini basi kila kitu kisiandikwe kwenye flashi, tukamaliza ubishi? Watu walijaribu, na Aprili 26, 1999 wakapata jibu. Siku hiyo kirusi kilichoitwa CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, kiliamka kwenye kompyuta nyingi duniani. Pamoja na kuharibu data za diski, kwenye baadhi ya mashine kiliandika takataka juu ya ile programu ya kwanza iliyokuwa ndani ya flashi. Mashine hizo hazikuwaka tena. Hakuna kuwasha upya kunakoponya, kwa sababu ugonjwa wenyewe umehifadhiwa mahali pasipofutika. Tangu hapo wahandisi wamekuwa waoga sana kuruhusu kila programu kuandika kwenye kumbukumbu isiyosahau, na mimi nawaelewa.

Sasa tufike kwenye kadi yenyewe. Kadi za picha za miaka ya 1990 zilikuwa watoto wapole. Nyingi hazikuwa hata na feni. Umeme wote zilichukua kwenye tundu la ubao mama zilikochomekwa. Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa muongo ule, michezo ya kompyuta ilipotaka picha za pande tatu. NVIDIA walitoa GeForce 256 mwaka 1999. Mwaka 2000 kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo 5 5500 iliyohitaji kuchomekewa waya wake wa umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai, kama kifaa kinachojitegemea. Ilipokuja PCI Express, tundu la ubao liliruhusiwa kutoa wati 75, waya wa pini 6 ukaongeza 75 nyingine, na wa pini 8 ukaongeza 150. Mwaka 2022 RTX 4090 ilitoka ikiwa ya wati 450. Mwanzoni mwa 2025 RTX 5090 ikafika wati 575. Kwa wati 575 kuna nyumba nyingi hapa Simiyu zinazowasha taa zote, televisheni na friji ndogo, na bado zikabakiza.

Kadi ilipoanza kula kama ng'ombe, ikabidi iwe na kizuizi. Kadi za kisasa zina kifaa kinachopima umeme unaoingia, na programu ndani yake hupunguza kasi zikifika kikomo. Kikomo hicho ndicho kitelezi alichokivuta kijana wetu. Na ukikivuta chini hupotezi mwendo kwa kiwango kilekile unachookoa umeme, maana kasi ya mwishomwisho hudai volti kubwa, na nguvu hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ndiyo maana asilimia 70 ya umeme inakupa zaidi ya asilimia 70 ya kazi.

Swali ni wapi kikomo hicho kipya kinalala. Jibu: hakilali popote. Kikomo cha kiwandani kiko kwenye flashi ya kadi. Cha kwako kinakaa kwenye kumbukumbu inayosahau, mikononi mwa draiva, yaani programu inayoongoza kadi. Kompyuta ikizimika, draiva inakufa nacho. Ikiamka inasoma flashi, inakuta 170, inatii. Kuna waliokuwa wanaandika upya flashi yenyewe ili 119 iwe ndiyo ya kiwandani, lakini NVIDIA walianza kudai sahihi ya siri kwa kadi za kizazi cha Pascal kilichoanza 2016, na mlango ukafungwa kwa watu wa kawaida.

Sababu ya kusahau makusudi ni ya busara, tukubali. Watu wengi wanaogusa vitelezi hivi hawavishushi, wanavipandisha. Wanataka kadi ikimbie kuliko ilivyopangwa. Wakizidisha, skrini inaganda. Kama kosa lingehifadhiwa, kompyuta ingeganda kila inapowashwa na mwenyewe asingepata nafasi ya kulifuta. Kwa hiyo mhandisi amekuwekea mlango wa dharura: zima, washa, uko salama.

Lakini tazama jinsi busara hiyo inavyogeuka ikifika kwetu. Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilitoa chombo cha kurekebisha kadi zake kilichoitwa Radeon WattMan. Watumiaji wake wanaujua ujumbe mmoja mashuhuri, ambao kwa Kiswahili ungesema hivi: mipangilio ya awali ya WattMan imerejeshwa kwa sababu ya hitilafu ya mfumo isiyotarajiwa. Yaani kompyuta ikizimika ghafla, programu inahukumu kwamba mipangilio yako ndiyo iliyoiangusha, na inaifuta hata kama ulikuwa umeihifadhi! Kwa mtu wa Toronto hiyo ni dhana nzuri, kwa sababu kwake kompyuta ikizimika ghafla kuna uwezekano mkubwa kwamba kweli amezidisha. Kwa mtu wa Bariadi, kompyuta ikizimika ghafla maana yake ni nguzo imeanguka, au radi, au matengenezo. Sisi tunashusha kikomo ili mashine isizimike. Ikizimika, inakipandisha. Mlango wa dharura unafungukia shimoni.

Silalamiki kwamba kuna mtu alituonea. Hakuna aliyetufikiria, basi. Na kuna jambo la haki la kusema hapa: hali ya umeme nchini siyo ile ya 2006, Mtera ilipokauka na mgawo ukaingia, wala ya 2011. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa kuzalisha upo. Ila umeme wa kuzalisha na umeme wa kufika kwako ni vitu viwili, na safari ya kutoka Rufiji hadi Nyakabindi ni ndefu, ina nguzo nyingi, na mvua za kwetu zina radi.

Kwa hiyo dawa ni nini? Hapa historia inatusaidia tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale MIT, Mfaransa Louis Pouzin alitengeneza programu iliyoitwa RUNCOM. Kazi yake ilikuwa rahisi: unaandika amri zako kwenye faili, yenyewe inaziendesha moja baada ya nyingine. Jina hilo lilifupishwa kuwa herufi mbili, rc, ambazo mpaka leo ziko kwenye majina ya mafaili ya Unix na Linux. Mwaka 1981 DOS ya IBM ikaja na AUTOEXEC.BAT, wazo lilelile kwa jina jingine. Tangu 2010 Linux nyingi zimehamia kwenye systemd. Wazo halijabadilika kwa miaka sitini: kama mashine haiwezi kukumbuka matokeo, ikumbuke amri. Usijaribu kuhifadhi wati 119 ndani ya kadi. Hifadhi kwenye diski sentensi inayosema "kila ukiamka, shusha hadi 119".

Kwenye Linux unaandika faili dogo la mistari isiyofika kumi ndani ya /etc/systemd/system, linaloendesha amri ya nvidia-smi -pl 119 mara moja mashine inapowaka, kisha unaliwezesha kwa systemctl enable. Tahadhari moja, kwa sababu jina linadanganya watu wengi: NVIDIA wana kitu wanachokiita hali ya kudumu, kinachowashwa kwa nvidia-smi -pm 1. Hiyo huizuia draiva isiondoke wakati hakuna programu inayotumia kadi. Haivuki kuzima na kuwasha. Unahitaji vyote viwili, hali ya kudumu kwanza, kikomo baadaye.

Waliosambaza ujuzi huu kwa wingi walikuwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Waliweka kadi sita, nane, kumi kwenye fremu moja, na bili ya umeme ndiyo iliyoamua faida yao, hivyo kikomo kilichosahaulika kilikuwa hasara kila saa. Septemba 15, 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi, soko la dunia likajaa kadi zilizotumika, wachimbaji wengi wakatawanyika. Faili zao ndogo zimebaki, na zinafanya kazi vizuri tu kwenye kompyuta ya kuhariri ngoma za Bagika.

Kijana wetu anatumia Windows, na programu yake ni MSI Afterburner. Hiyo ina kitufe kidogo cha kuiambia ipake mipangilio upya kila mashine ikiwaka. Hakuwa amekibonyeza, wala kitufe chenyewe hakijitangazi. Tulikibonyeza, tukazima kompyuta kwa kuchomoa waya makusudi, tukawasha, akaingia, na kitelezi kikasimama kwenye 70. Akacheka.

Lakini nilimshauri asikitegemee hicho peke yake. Afterburner imeandikwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Mrusi Alexey Nicolaychuk, yuleyule aliyeandika RivaTuner kabla yake. Januari 2023 alitangaza hadharani kwamba kazi imekaribia kufa, kwa sababu malipo yake kutoka MSI yalikuwa yamekwama karibu mwaka mzima kutokana na vita na siasa zake. Mwaka huohuo mambo yakasogea na toleo jipya likatoka. Hata hivyo, nvidia-smi huja na draiva yenyewe hata kwenye Windows, na Windows ina ratiba yake ya kazi inayoweza kuendesha amri yoyote kompyuta inapowaka, kabla hata ya mtu kuingiza nywila. Tuliiweka humo kwa haki za msimamizi, mstari mmoja, wati 119. Afterburner ameibakiza kwa ajili ya kuangalia joto la kadi, maana mwezi wa kumi studio yake, yenye paa la bati, ni tanuri.